Mama Dari, fundi anayeanza kazi kwa kulala

Saa tatu asubuhi, fundi amelala chali kwenye kitanda cha mteja. Viatu kavivua, kitambaa cha kichwa kakilegeza, na macho yake yanatembea taratibu juu ya dari nyeupe. Mwenye kitanda, mshonaji nguo mwenye ujauzito mkubwa, amejilaza kwa muda kwenye mkeka pembeni akijizuia kucheka.

"Usinione nimejinyoosha ukadhani nimekuja kupumzika," anasema fundi bila kugeuza shingo. "Kazi imeshaanza, mwanangu."

Mtaani wanamwita Mama Dari. Wenzake hupamba kuta, yeye hupamba dari, kwa karatasi anazozitengeneza mwenyewe, kwa ajili ya watu wanaolala sana: wagonjwa, wazee, na wajawazito kama huyu, aliyeambiwa na daktari asinyanyuke hadi ajifungue.

"Nikiitazama hiyo dari naona shuka tu," mshonaji analalamika. "Shuka lisiloisha, na mkasi sina."

"Basi tutalikata sisi."

Mama Dari anaomba karatasi kuukuu za kaki ambazo mteja huchorea nguo kabla ya kukata kitambaa. Atazichovya kwenye chai iliyokolea, nyingine kwenye bluu ya kufulia, azianike, kisha azibandike kwa gundi ya wanga aliyoipika nyepesi kama uji wa mtoto. Mikono ya magauni itakuwa mawingu. Kola zitakuwa ndege. Mama huyu atalala chini ya anga iliyoshonwa na yeye mwenyewe, na mtoto atakapokuja atazikuta nguo zote zikielea.

Si kila mara mambo yamekwenda sawa. Dari yake ya kwanza aliipanga akiwa amesimama mlangoni, akajisifu weee. Mgonjwa alipolala, akaona kundi la korongo linaruka miguu juu. Tangu siku hiyo, Mama Dari hagusi gundi kabla hajalala pale atakapolala mwenye chumba. Kuna mteja aliyewahi kumkuta anakoroma.

Kinyozi mmoja naye aliomba dari ya vichekesho, kwa ajili ya wanaolazwa kwenye kiti kunyolewa ndevu. Baada ya wiki alirudi mbio. "Alisema, 'Mama, toa! Watu wanacheka wembe ukiwa kooni!'" anasimulia Mama Dari, akicheka hadi kitanda kinatikisika.

Ufundi huu alifundishwa na mumewe, fundi wa kupaka rangi aliyesifika kwa mistari iliyonyooka. Hadi leo wanaitana "Mwalimu" na "Mwanafunzi", hata wakinuniana. Mwaka jana ngazi iliteleza, Mwalimu akaanguka, akaumia mgongo. Daktari anasema mfupa umeunga, sasa aanze kujiinua, akae, kisha asimame. Yeye amesusa. Analala akitazama juu, na siku zinampita.

Mama Dari alitaka kumpambia. "Alinijia juu," anasema, na sasa hacheki. "Aliniambia, 'Ukiipamba hiyo dari, umeshakubali kwamba mimi ni wa kulala tu.' Nilitoka nje nikalia. Kwa sababu alisema kweli."

Ndiyo maana dari ya fundi wa dari ni tupu, ina doa la unyevu kwenye kona. Majirani wenye ndimi ndefu wanacheka. Mama Dari anawaacha wacheke, maana hawajui anachokifanya nyuma ya kitanda.

Huko, kwenye ukuta ulio kichwani pa mumewe, ameanza kubandika karatasi. Ni bustani ya samawati, na ndani yake majani yaliyopigwa chapa kwa soli za kandambili zilizochakaa. Mwenye kutaka kuiona lazima ainuke na kugeuka. Anayelala husikia brashi tu.

Mchana huu, akiwa amerudi nyumbani, anaipitisha tena brashi.

"Hiyo gundi nyepesi mno," Mwalimu anaiambia dari.

"Umeionaje?"

"Nimeisikia."

"Basi geuka uitazame."

Mama Dari anaweka brashi ndani ya ndoo na kutoka kibarazani na kikombe chake cha chai. Hapo ndipo anaponong'ona siri yake. Karatasi moja, katikati kabisa, ameibandika upande. Imepinda makusudi.

"Nimemwambia kuna mahali nimekosea, sikumwambia ni wapi," anasema. "Mtu huyu hajawahi kuvumilia mstari uliopinda maisha yake yote. Ninachotaka ni kumkuta siku moja amekaa, amekunja uso, anagombana na ukuta. Anitukane, sijali. Nimemkumbuka sana akiwa hivyo."

Anakunywa chai polepole. Ndani, kitanda kinalia, kinanyamaza, kinalia tena.

"Mwanafunzi!"

"Abee, Mwalimu."

"Niletee mto mwingine."

Kikombe kinasimama karibu na mdomo. "Wa nini?"

"Wa kuegemea. Nataka kuona ulichoharibu."

Mama Dari anajifuta macho kwa kiganja chenye gundi, kisha anaingia ndani kukusanya mito yote iliyomo nyumbani.