Damu ya Mtoto, Hukumu ya Mama

Iko siku moja ninayoikumbuka hata nikiwa sitaki, mwanangu: siku waliponitoa nyumbani niende kumlinda na kumhudumia mgonjwa hospitalini hapa Bunia. Unanijua. Mimi ni mtu wa uani. Hata sokoni nafika nikisukumwa, na nikirudi nahadithia kama mtu aliyetoka Kinshasa. Lakini nilikuwa msichana aliyemaliza sekondari, basi wakasema, "Huyu iko anasikia Kifaransa ya madokta. Aende amulinde bibi ya kaka yake."

Mke wa kaka yangu aliitwa Neema. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, midomo ya bluu, halii. Kwao Djugu nyumba zilikuwa zimechomwa vitani, wazazi wamekufa, na ndugu waliobaki walikuwa kambini chini ya mahema. Watu wake mjini tulikuwa sisi tu. Maskini, kumbe hakujua amepata watu wa namna gani.

Mtoto aliwekwa kwenye oksijeni. Dokta aliyekuwa anachunguza watoto wachanga wagonjwa aliomba damu kidogo ya kisigino, Neema akakubali. Baadaye muuguzi mmoja mzee, Mama Beatrisi, alitueleza majibu, kaka yangu na mimi tukiwa tumesimama kando ya kitanda cha mtoto, Neema amelala wodi nyingine.

"Mutoto akikosa hewa, ao akipata maambukizo, ndani ya mwili munatokea vitu vinavyounguza," alisema. "Damu inabakia na alama zake. Ya huyu inaonyesha aliungua sana. Lakini haisemi nani aliwasha moto. Inatuambia tu tumuangalie vizuri."

Kaka aliitika kwa kichwa. Nilimwona.

Mtoto alipona, tukarudi nyumbani. Ungedhani tutachinja kuku. Ukoo ukaita kikao.

"Nasikia damu ya mutoto iliharibika," baba mkubwa alianza. "Sasa, mutoto anatoa damu wapi? Si kwa mama yake?"

Mama yangu mzazi, Mungu amsamehe, akaongeza kwamba hata mimba yenyewe Neema aliibeba kwa kununa.

Nikasema, "Baba mukubwa, walipima mutoto. Mama hawakumupima."

"Weye nyamaza. Kuvuka barabara unaogopa, leo uko dokta?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, maana barabara naiogopa kweli. Nikarudia tena maneno ya Mama Beatrisi, yote, lakini nani angemsikiliza msichana wa jikoni? Neema hakunitazama mimi. Alimtazama mume wake. Neno moja la baba wa mtoto lingetosha, kila mtu pale alilijua hilo. Kaka akakuna goti.

Likakatwa shauri kwamba Neema anyonyeshe mpaka mtoto aweze kula uji, kisha arudi kwa ndugu zake. Umesikia akili hiyo, mwanangu? Damu yake mbaya, maziwa yake mazuri. Na alinyonyesha, akifua nguo zetu, akijua. Siku yake ilipofika alipanda moto, pikipiki ya abiria, begi mapajani, na mtoto akabaki mgongoni kwangu akilia kwa ile sauti aliyoikosa siku ya kuzaliwa.

Tulipompeleka kupimwa uzito, Mama Beatrisi akauliza, "Mama yake iko wapi?"

"Alirudia kwao," kaka akajibu.

"Kwao wapi? Si kulichomwa?"

Nikaeleza mimi. Yeye aliendelea kumvua mtoto nguo, bila kututazama. "Siye tulipima damu ya mutoto ili tumuponyeshe. Ya mama mulipima nyinyi, na macho. Na weye baba, ulikuwa hapa. Nilikuambia weye."

Hapo ndipo kaka alipopata miguu. Akaenda kambini. Wakamwambia Neema ameondoka na watu wa Mahagi-Port, amevuka ziwa, yuko Uganda, hawajui kambi gani. Mpaka leo hatujui. Mtoto amekuwa kijana mzima, mrefu, mkorofi, na akiuliza mama yake yuko wapi, baba yake anaomba chumvi.

Sasa mke wako naye amekaribia kujifungua, mwanangu, nawe umeanza kunikwepa ukidhani nitakupa habari za majani ya dawa. Sina. Nina hili tu: dokta akieleza hali ya mtoto, ingieni wote wawili, mama asikie mwenyewe kwa masikio yake. Usichoelewa, uliza, hata wakikucheka. Damu ya mtoto ikipimwa, ni kwa ajili ya kumtibu mtoto, si kumtafutia mama kesi. Na siku wazee watakapokaa kumhukumu mke wako, sisi wazee wako, na mimi nikiwemo, simama useme ulichosikia. Usingoje shangazi wa mtoto akusemee.

Mungu ampe mtoto wako pumzi saa ileile ya kwanza. Ampe mama yake kulala kwa amani ndani ya nyumba yako. Na wewe, akupe mdomo.