Mche wa Nanasi na Mama

Juzi mjukuu wangu Neema alikuja kutoka Buzuruga na ua kwenye kopo. "Bibi, hili nalo linaitwaje?" Nilipapasa majani magumu yaliyoshika maji katikati, nikamwambia ni ndugu wa nanasi: likishachanua, mche wake hufa ukiacha machipukizi ubavuni.

Utotoni kule Magu sikujua habari ya machipukizi. Shangazi Mbuke alikuwa ameniambia tu, "Nanasi likishazaa, mama yake hufa."

Mchana mmoja mama yangu, Nyamizi, alikuwa ndani na mkunga, akiguna kwa uchungu, na nyumba nzima ilinukia mananasi mabivu. Sikuweza kukaa. Nilizunguka nyumba, nikatega sikio dirishani, nikazunguka tena. Mwisho nikaingia bustanini, nikavunja vinanasi vyote vichanga, ili angalau mama zao wasife.

Shangazi alinikuta mikono ikitoka damu.

"We Kabula, umelogwa? Sasa tutakula nini?"

Ndani kichanga kikalia. Shangazi akakimbilia ndani, na alipotoka niliogopa kuuliza.

"Umesimama nini? Mama yako anataka uji, na kasema usiwe majimaji kama wako wa jana."

Nilikimbilia jikoni, nikapika sufuria nzima.