Tango Lililofungwa Kitambaa

Nyumbani kwetu Mchinga, baba alikuwa hapiki. Chungu hakukigusa, moto hakuuchochea, hata chai alikaa akisubiri aletewe. Lakini kachumbari ilikuwa yake, na ole wako umshikie kisu. Majirani walimtania kwamba mzee kahamia jikoni, naye jibu lilikuwa tayari mdomoni: kachumbari haipiti motoni, na kitu kisichopita motoni hakijapikwa. Kwa hiyo yeye hapiki, anakata tu.

Na kukata kwenyewe alikuwa hajui, nisimsingizie uhodari. Mimi ndiye ninayejua, maana ndiyo kazi yangu. Nina banda la chakula Lindi mjini, karibu na stendi, na kila siku ya Mungu natengeneza beseni zima la kachumbari. Kitunguu nakikata chembamba, nakifikicha kwa chumvi, nakiosha maji mawili mpaka ule ukali utoke. Nyanya naitoa mbegu isije ikajaza maji. Tango namenya. Pilipili mbuzi naiweka pembeni, kila mtu na roho yake. Baba alikatia kila kitu kiganjani, bila ubao, mapande manene ya kumlisha mbuzi. Kitunguu hakuosha kabisa. Alisema kitunguu kilichooshwa kimebaki jina. Akimaliza nyanya, anagonga kisu kwenye ukingo wa sahani ya bati ili mbegu zilizoganda zidondoke, halafu anashika tango. Akimaliza tango, anagonga tena. Nimekua nikiusikia mlio ule kila adhuhuri.

Na kila adhuhuri mama aliuliza kutoka chumbani, "Umeshaweka ndimu?" Kulikuwa na siku moja ya zamani, kabla sijazaliwa, baba aliwahi kuiweka ndimu mapema, nyanya zikalegea, na mama hakuisahau. Basi akauliza miaka yote ile, na baba akajibu miaka yote ile, "Ndimu mwisho." Hayo ndiyo yalikuwa mahaba yao. Sikuwahi kusikia mengine.

Mwaka aliokufa, joto la kaskazi lilikuwa halina adabu. Baba alikuwa na bustani bondeni, nyuma ya minazi, anamwagilia kwa ndoo: nyanya, bilinganya, pilipili, na yale matango ya kwetu mafupi manene, ya kijani kilichopauka. Akanipigia simu. "Matango yameanza. Njoo ule." Nikamwambia Ijumaa, inshallah. Ijumaa ikafika, watu wametoka msikitini na njaa zao, banda limejaa, sikwenda. Akapiga tena. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema, akacheka. Nikasema Ijumaa hii, baba, haki ya Mungu. Sikwenda.

Kutoka Lindi mpaka Mchinga si Ulaya. Ni safari ambayo ukipanda gari umeshiba, unashuka bado umeshiba. Nimelitafuta neno la kujitetea tangu siku hiyo na sijalipata.

Mara ya tatu alipopiga nilikuwa nakaanga samaki, simu nimeibana kwa bega. Akasema, "Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Lakini wewe lako lipo. Nimelifunga kitambaa." Nilijua maana yake. Kwetu, tango lililofungwa kitambaa haliguswi. Kwa kawaida ni la mbegu, linaachwa likomae mpaka liwe njano, na hata mtoto mtundu akiona kitambaa anarudisha mkono. Lakini hili alilifunga liliwe, na mlaji alikuwa mimi. Nikamwambia sawa baba, Ijumaa, mafuta yanaungua, nikakata simu. Sikusubiri aseme kwaheri.

Alikufa Jumatano baada ya alasiri. Alirudi kutoka bustanini, akasema kichwa kinamzunguka, akajilaza barazani, ikawa ndiyo hivyo. Mimi nilifika magharibi, harufu ya samaki ingali mikononi. Kesho yake saa nne wanaume wakambeba wakaenda kumzika, nasi wanawake tukabaki ndani na mama.

Mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi, katika kile chumba cha uani chenye pazia mlangoni. Watu wa msiba walipotawanyika nikabaki naye mimi. Banda nikalifunga. Na mama akakataa kula. Hakusema hataki; angesema hataki ningegombana naye, kugombana naweza. Alikuwa anapokea sahani, anashukuru, anaiweka chini pembeni ya mkeka, na jioni naikuta vilevile na nzi wake. Uji vijiko viwili. Maji. Wanawake wa jirani walininong'oneza kwamba mama yako anamfuata mumewe hivyo, mlazimishe. Utamlazimishaje mtu anayekushukuru? Niliogopa. Nilikuwa nimeshamkosa mmoja kwa ujinga wangu, na sasa wa pili alikuwa ananiponyoka mbele ya macho yangu.

Siku ya tisa au ya kumi hivi jirani akaja kuniambia tumbili wanakula mboga za marehemu. Nikachukua kikapu nikaenda bondeni. Jembe lilikuwa bado limesimama kwenye tuta lililochimbwa nusu. Ndoo imelala ubavu. Na katikati ya matuta, mgongo kwangu, shati lake la buluu, mikono ameinyoosha. Nikasema, "Shikamoo." Ulimi ulishasema kabla akili haijafika. Lilikuwa shati tu, juu ya miti miwili, alilolitundika baba mwenyewe kutishia tumbili. Lakini nilisimama pale nikasubiri marahaba, na nilisubiri kwa muda ambao mtu mwenye akili zake hasubiri.

Bustani ilikuwa imejaa. Hicho ndicho kilichoniudhi, nitasema kweli. Nyanya nyekundu zimeinamisha miti, pilipili zinang'aa, matango kila ukifunua jani. Mwenye kuvipanda yuko chini ya udongo na vyenyewe vinaiva kama kawaida, havina habari, havina msiba. Nikachuma kwa hasira. Kwenye tuta la mwisho nikafunua jani na kuliona langu. Kipande cha kanga kuukuu kimefungwa kwenye kikonyo, fundo lake lile la kukunja mara mbili. Tango lilikuwa limeanza kugeuka njano. Nikalifunika kwa majani yake nikaondoka.

Adhuhuri hiyo nikakaa uani nikatengeneza kachumbari. Ubao wangu wa kukatia uko Lindi, kwa hiyo nikakatia kiganjani. Kisu kilikuwa chake, sahani ni ileile ya bati. Nilipomaliza nyanya, mbegu zimeganda kwenye kisu, mkono wangu ukagonga ukingo wa sahani. Mara mbili. Sikuuagiza.

Ndani ya chumba mama akauliza, "Umeshaweka ndimu?"

Haikuwa sauti anayoniulizia mimi. Ilikuwa ile sauti yake ya kila siku, ya uchovu kidogo, ya mtu anayezungumza na mtu wake.  Nikatazama pazia, nikatazama mlango wa ua. Kisu kiko mkononi mwangu na sikujua ni nani anayepaswa kujibu. Nikajibu, "Ndimu mwisho."

 Nikakamua ndimu, nikatia chumvi, nikapeleka ndani na wali kidogo. Mama akanawa. Akala. Akala mpaka akaisukuma ile sahani ya bati ikiwa imebaki maji ya nyanya tu, kisha akayanywa.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo ili asinisikie. Nililia kwa furaha na kwa woga pia, maana niliona nimefanya jambo nisilolijua mwisho wake.

Kesho yake nikaenda tena kuchuma. Safari hii nilipofika penye kugonga, nikagonga kwa makusudi. Akauliza. Nikajibu. Akala. Na keshokutwa hivyohivyo. Siku moja nilijaribu kutogonga, nikataka kuona. Hakuuliza kitu, na sahani nikaikuta pembeni ya mkeka haikuguswa. Basi nikajua kazi yangu ni nini. Nikaacha kuosha vitunguu. Nikaacha kumenya matango. Nilikata mapande ya kulisha mbuzi, mimi, ambaye wateja wa stendi wanasema kitunguu changu ni chembamba hata unaweza kusomea gazeti. Siku za embe mbichi niliparuza embe, siku nyingine bilinganya ya kuchoma, lakini nyanya, tango na kile kisu havikukosa.

Mama akarudisha mwili. Wanawake wa jirani wakanisifu, kwamba binti anajua kulea. Sikulala vizuri hata siku moja. Najiuliza, ninamlisha nini mama yangu? Anadhani ni nani yuko uani? Mjane katika eda anatakiwa aachwe aomboleze, na mimi ninamkalisha na maiti kila adhuhuri kwa mlio wa kisu. Niliogopa siku atakayofunua pazia kumwangalia mumewe na kunikuta mimi. Niliogopa zaidi siku bustani itakapokwisha.

Nayo ikawa inakwisha. Nyanya zikapungua, majani ya matango yakakauka pembeni, tumbili wakalizoea shati. Kila siku nilipita tuta la mwisho na kila siku nilifunua na kufunika. Limekuwa njano kabisa, limenenepa, ganda limeanza kuchanika chanika. Sikulikata na sikumwambia mtu. Ningemwambiaje mama kwamba kuna tango lilikuwa linanisubiri nikaliacha lizeeke?

Siku niliyorudi na nyanya nne na kikapu chepesi, mama aliniita kutoka ndani. "Matango yameisha?"

"Yameisha, mama."

"La kitambaa pia?"

Nikatua kikapu chini. Akasema, "Kile kitambaa nilikichana mimi kwenye kanga yangu. Kalilete."

Nikarudi bondeni kwenye jua lile. Nikalikata pamoja na kikonyo na kitambaa chake, nikalileta limefumbatwa kifuani. Nikakaa uani pale pale, nikashika kisu. Ganda lilikuwa gumu, ndani mbegu zimekomaa, zinateleza. Nikazitenga kwenye kifuu ili zipakwe majivu zihifadhiwe, kama baba alivyokuwa akifanya. Nyama yake nikaikata mapande manene. Kisu kikajaa mbegu. Sikugonga. Nilikuwa nimechoka kumdanganya, na kwa lile tango sikuweza.

"Leo hukugonga," mama akasema.

Pazia likafunuliwa. Alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu kabisa na mlango, karibu kuliko nilivyodhani, na macho yake yalikuwa makavu.

"Baba yako alikuwa anagonga mara tatu," akasema. "Wewe unagonga mara mbili. Tangu siku ya kwanza nilijua ni wewe, mwanangu. Mume wangu nimemwosha kwa mikono yangu, nitamsahau alipo?"

"Sasa kwa nini ulikuwa unauliza ndimu?"

"Ile mara ya kwanza mdomo uliuliza wenyewe. Halafu ukajibu, na sauti yako ilikuwa inatetemeka. Nikaona huyu asipopata wa kumlisha atakufa kabla yangu. Nikala."

Nikamuuliza, na ile siku ambayo sikugonga, mbona hukula? Akasema siku nyingine alikula kwa ajili yangu; siku ile ndiyo pekee aliyosikiliza njaa yake mwenyewe, na njaa yake haikutaka chakula.

  Siku zote zile nilidhani mimi ndiye ninayembeba.

"Alilifunga kitambaa Jumatatu," akasema. "Jumanne nilimwambia tulikate tule, litapitiliza. Akasema lina mwenyewe. Haya, mwenyewe, kula."

"Limeshapita, mama. Ni chachu hili."

"Kula."

Nikakamua ndimu, mwisho. Nikatia chumvi. Nikala kipande cha kwanza, na kilikuwa chachu cha kuuma meno, kigumu, na nyuma kabisa ya ule uchachu kulikuwa na uchungu. Nikala cha pili. Nilikula tango lote peke yangu, kizingitini, mama akinitazama kipande kwa kipande mpaka sahani ikabaki tupu.

"Tamu?" akauliza.

"Tamu, mama."

"Usiniambie mimi. Mimi sikulipanda."

Nikageuza uso uani. Jembe lake lilikuwa limeegemea ukuta nilipolirudisha, na shati la buluu nililolivua bondeni lilikuwa limeanikwa kambani. Nikasema kwa sauti, mchana ule mweupe, "Tamu, baba."

Jirani aliyekuwa akitwanga ng'ambo ya ua akasimamisha mchi. Nasi tukasubiri, mama na mimi, kama nilivyosubiri marahaba kule bondeni. Kisha jirani akaendelea kutwanga.