Unaona Nini Hapo?
Ofisini kwetu Ngagara, tovuti ya mteja ikipotea, simu hupewa mwenzangu mmoja. Huvua saa, huilaza mezani, kisha huuliza: “Unaona nini hapo?” Leo anayepiga ni Dorothée, mshonaji. Alilipia jina la tovuti mapema, sisi tukasahau kulihuisha kwa kampuni ya ng'ambo inayosajili majina, na kesho lingeweza kuchukuliwa na mwingine. “Kosa ni ya kwetu, dada,” anamwambia kabla hajaulizwa. Anaiandikia kampuni kwa kidole kimoja, simu ikiwa begani. Baada ya saa nzima tovuti inafunguka kwenye kompyuta yetu. Mimi napumua, yeye bado. “Fungua kwa simu yako, dada. Unaona nini?” Dorothée anaifungua. “Naona ile picha. Mama yangu iko anashona.” Ndipo anapovaa saa.