Leso Yenye Ua Konani

Katika mtihani wa mdomo wa hisabati, mtahini yule hula pogácsa moja tu, mkate mdogo wa jibini ambao wanafunzi humwandalia, kisha huchezea leso ya mraba yenye ua konani. Huizungusha robo, huipindua, vidole vyeupe kwa chaki. Mwanafunzi Boróka alikuwa ameokota karatasi ya swali la makundi ya kihisabati, akasahau sharti la mwisho la kundi. Bila hilo angefeli.

"Nimekwama, Profesa."

"Basi niharibie mkao wa hii," akasema kwa sauti yake kavu, akimsogezea leso.

Boróka akaizungusha robo, ua likahama kona.

"Sasa nirudishie ilivyokuwa."

Akaizungusha kinyume, ua likarudi mahali pake, naye akacheka. "Ndilo sharti: kila kitendo kina kinyume chake! Iwe leso, iwe namba, iwe fuwele, unageuza bila woga, maana njia ya kurudi ipo."

"Ipo, binti. Nenda kapumzike. Na mwambie anayefuata aache kutetemeka, namsikia hadi huku."