Sitaki na Siwezi

Feza, mudogo wangu, kuna siku moja ya mwaka wangu wa kwanza wa sekondari hapa Kalemie ambayo nikiikumbuka ninafunika uso, hata nikiwa peke yangu. Miaka minne tu inatutenganisha, kwa hiyo sitakuita mwanangu. Lakini mwezi wa tisa utashuka kutoka kwetu Kirungu, milimani, kuja kusoma, na mimi nilitangulia. Nisikilize.

Nilikuwa mugeni, ninaishi kwa Mama mukubwa. Kwenye uwanja wa shule Kiswahili kilikatazwa: ukisikika, unavalishwa kibao shingoni mpaka saa ya kutoka. Basi nilinyamaza. Ni Mauwa tu, jirani yangu wa benchi, aliyenisemesha. Papa yake alikuwa mufanyakazi wa reli.

Siku hiyo tulikuwa tumetoka kukariri: je peux, je veux, nous pouvons, nous voulons. Yanafanana kama mapacha. Mauwa akaniambia, kwa Kifaransa chake kizuri, twende kwao tukale samaki, mikebuka ya mama yake. Nilitamani sana! Lakini Mama mukubwa alikuwa ananingojea nimushikie mutoto wake mugonjwa. Nikajikaza, nikajibu:

"Je ne veux pas."

Peux, Feza! Nilitaka kusema siwezi. Nilisema sitaki.

Akageuka, akaenda zake. Wasichana nyuma yetu wakanong'ona, "Eeh, muntu wa milimani ana maringo!" Kesho yake Mauwa alihamia benchi la mbele.

Kosa nililijua kabla ya kufika nyumbani. Kulirekebisha ndiko kulikonishinda. Kila asubuhi nilitunga sentensi ya kumueleza, nikahakikisha kila verbe, kila kitenzi, kwenye kitabu, na kila mapumziko nikaimeza. Wiki tatu. Mwisho Mama mukubwa alinikuta ninaandika ileile tena, akauliza, nikamusimulia yote.

"Na huyo Mauwa, kwao wanasema nini?"

"Kiswahili, Mama."

"Sasa Kifaransa cha nini? Kwao kuna kibao? Weye hauogopi verbe, unaogopa muntu. Simama, enda!"

Nilikimbia. Mulango wao ulikuwa na kufuli. Mama jirani akaniambia, "Walipanda treni jana, papa yao ametumwa Kabalo. Ndiyo weye mutoto wa Kirungu? Mauwa alikuwa anauliza alikukosea nini."

Nilirudi na sentensi yangu ileile, kila verbe sawasawa.

Mudogo wangu, verbe ukiikosea kwenye kaye, daftari lako, mwalimu ataikata kwa biki nyekundu, mambo yanaisha. Ukiikosea mbele ya mwenzako, usingoje sentensi iwe nzuri. Mufuate siku ileile, hata kwa kigugumizi, hata kwa maneno ya jikoni. Mimi sasa ninapata alama nzuri za Kifaransa, na mapumziko ninayapitisha peke yangu.

Mungu akushushe salama milimani, akupe wa kukuita kwao, na akulainishie ulimi umujibu yaliyo moyoni mwako.