Niliapa Kuwa Sikusikia

Nimekosa, ndugu zangu. Tena nimekosa kwa makusudi, wala simsingizii shetani. Ulikuwa wivu wangu mwenyewe.

Mume wangu alikuwa seremala, tukikaa Mlandege. Kabla hajanioa alizaa mtoto wa kike na mwanamke wa Kidichi, bila ya ndoa. Nilisikia kwa watu nikajifanya sijui. Mimi Mungu hakunijaalia kuzaa.

Alipougua, siku moja namlisha uji, akanishika mkono.

"Yule mtoto wa Kidichi wangu. Cheti chake kimeandikwa jina la babu yake, baba wa mamake. Nikipata nafuu ntakwenda kwa sheha tukaandikishe upya. Nisipopata, sema weye. Umenisikia?"

"Nimekusikia," nikamjibu. Tulikuwa wawili tu chumbani. Wiki ya pili akafariki.

Nimo edani, akaja yule mwanamke kunipa pole, kamshika mtoto mkono. Loo! Uso wa mume wangu mtupu! Hata namna ya kuinamisha kichwa akisikiliza. Wageni wakamtazama mtoto, kisha wakanitazama mimi. Nikaungua! Miaka yote nimempikia, nimemfulia, nimemuuguza, na kilichobaki chake duniani kimetoka kwa mwanamke mwengine!

Eda ilipokwisha, mama mtu akafungua shauri mahakamani mtoto atambuliwe kwa baba yake. Hakutaka kingine, jina tu. Marehemu hakuacha ndugu wa kupimwa naye damu, kwa hiyo shahidi nilikuwa mimi. Kabla hajafa, mume wangu alishamwambia yule mama, "Mke wangu anajua."

Nikaapishwa. Hakimu akaniuliza kama marehemu aliwahi kukiri mbele yangu.

"Sikusikia," nikasema. "Hata siku moja."

Shauri likaanguka. Nikatoka kichwa juu, nikapita Darajani nikanunua samaki, nikala nikashiba. Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baadaye nyumba ikawa kimya mno. Nikadhani wivu umekwisha, nikenda Kidichi na gauni la Sikukuu. Mtoto alikuwa uani, akaniamkia, "Shikamoo." Nikamnyooshea lile gauni.

Mama yake hakunitukana. Heri angenitukana!

"Gauni rudi nalo, dada," akanambia. "Mtoto keshajua kusoma. Kanuliza, 'Mama, mbona baba yangu na baba yako jina moja?' Nimjibu nini? Kama una imani, nenda kwa hakimu ukaseme ulisema uwongo."

Nikaahidi. Huu mwezi wa tano sijakwenda. Navaa buibui, nafika mlangoni, namfikiria yule mwanamke akiitwa mbele za watu mama wa mtoto wa mume wangu, narudi ndani nakaa kitandani. Kumbe wivu upo, tena mzima! Namwonea wivu hata huo uchungu wake, kwa sababu wake una mtoto ndani yake.

Wanawake wenzangu, mume akikuachia neno kama hili, lipeleke siku hiyo hiyo, moyo unaungua hivyo hivyo. Usiseme nitalala nalo kidogo. Ukishaliapia uwongo, kulirudisha ni kazi nyengine kabisa, na mimi imenishinda.

Nimewaambia nyinyi msionijua. Mtoto mwenye haki ya kuambiwa yuko Kidichi, na bado hajaambiwa.